Difu ya Raija

Hatukuwa tumevuka hata daraja la pili, na mwanamke aliyekuwa akiendesha lori la maziwa alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama nina leseni.

“Ya udereva ninayo,” nikamjibu.

“Siulizi hiyo. Ya mashindano.”

“Sina.”

“Hata ya zamani, iliyokwisha muda?”

“Sijawahi kuwa nayo.”

Akaendesha kilomita nzima, macho barabarani. Kisha akasema, kama anayezungumza na kioo cha pembeni, “Wapo wanaosema hawana.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia Petäjäsuo. Nilikuwa nimeishi Finland miaka kumi na mmoja, lakini karibu yote pwani, ambako mtu akisema ndiyo huwa anamaanisha ndiyo. Savo, mkoa wa bara ambamo kijiji hicho kipo, nilikuwa naijua kwa dirisha la treni tu. Gazeti moja lilitaka niandike juu ya njia za malori ya maziwa na ng'ombe wanaopungua, na watu wa kiwanda cha maziwa wakanipandisha kwenye lori la Raija Tossavainen. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye njia ile ile. Mfupi, mpana wa mabega, kifundo cha mkono wa kulia kimefungwa bendeji ya mpira. Nilipanga chumba kilicho juu ya sauna yake mpaka mwisho wa Agosti.

Kila zizi tuliloingia, kabla ya kuunganisha mpira wa kuvutia maziwa, alifunua tangi, akainama, akanusa. Mwenye ng'ombe amesimama pale pale, mikono mifukoni. Akanusa tena. Akachota kidogo kwenye kichupa, akaandika namba, ndipo akavuta.

“Miaka thelathini unawajua watu hawa,” nikamwambia tulipotoka zizi la tano. “Bado unanusa mara mbili?”

“Ng'ombe namwamini,” akasema. “Aliyemkamua ndiye simjui.”

Siku ya nne, alipoona sipigi simu kwa mtu yeyote wa kutiliwa shaka, alinifungulia banda.

Ndani kulikuwa na Volvo ya mwaka themanini na nne yenye rangi tatu, na hakuna hata moja iliyopakwa vizuri. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani. Boneti ilikuwa imebonyea hapa na pale kama sufuria ya shule. Nilidhani ni gari la kusubiri kukatwa vyuma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile mibonyeo aliipiga mwenyewe, kwa nyundo, jioni baada ya kazi.

Sababu yake ni sheria. Katika jokkis, mbio za magari ya zamani kwenye kokoto, kila gari linaloshindana linauzwa siku hiyo hiyo kwa bei moja: euro elfu moja na mia nne, liwe la takataka au la kupigiwa mfano. Yeyote mwenye leseni ya mashindano anaweza kuandika jina lake kwamba analitaka. Wakijitokeza wengi, kura inapigwa. Mwenye gari hana la kusema. Akikataa kuuza, leseni yake inachukuliwa. Walioitunga walitaka tajiri asije na gari la fedha nyingi akawatimulia wakulima vumbi. Walichopata ni vijiji vizima vya watu wanaotengeneza magari mazuri kwa siri, kisha wanahangaika kuyafanya yaonekane mabaya.

Kinga pekee inayokubalika ni ndugu na majirani. Nao wanaandika majina, na kura ikimwangukia mmoja wao, analirudisha gari kimya kimya kwa pesa zile zile. Petäjäsuo wanawaita walinzi. Mlinzi haombwi. Anatazama gari lako likikimbia, anatazama nyuso za wageni, akiona hatari anakwenda kuandika jina kwa hiari yake. Kumwomba ni kutangaza uwanjani kwamba gari lako lina thamani, na wakati huo kila mtu ameshasikia.

Raija alikuwa amepoteza mawili. La kwanza lilichukuliwa na mtu wa Kajaani ambaye hakumwona tena. La pili, walinzi wanne waliandika na wageni kumi na tisa wakaandika, na mwaka uliofuata alilikuta kwenye uwanja mwingine limelalia paa, dereva wake kando anakula soseji.

“Sikulia,” aliniambia. “Nilimuuliza tu kama oili alibadilisha. Akaniuliza oili gani.”

Hili la tatu lilikuwa limekula majira matatu ya baridi. Mkono ule wa bendeji ulikuwa ufanyiwe upasuaji mwezi wa kumi, na daktari wa Kuopio alimwambia bila kuzunguka kwamba baada ya hapo asahau kukaza bolti za injini, na pengine usukani wa kokoto pia. Kwa hiyo la nne halingekuwepo. Alitaka kukimbia Agosti kwenye uwanja wa nyumbani, ashinde walau raundi moja mbele ya watu wanaomjua, kisha arudi na gari lake bandani likae humo. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Tatizo lilikuwa nyuma.

Injini ya asili alikuwa ameitoa, akaweka kubwa zaidi kutoka gari la aina hiyo la miaka ya baadaye, akaichezea mpaka nguvu zikafika mara moja na nusu ya za mwanzo. Lakini nguvu zote hizo zinapita mahali pamoja: kwenye difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea mzunguko wa shafti na kuugawa kwa magurudumu mawili. Iliyokuwamo iliundwa kwa ajili ya injini ndogo. Tena ilikuwa ya kawaida, ambayo hupeleka nguvu kwa gurudumu lisilo na mzigo. Ukiingia kona, gurudumu la ndani linanyanyuka, linazunguka bure hewani, na gari linabaki linaunguruma mahali pale pale.

“Bosi wa namna hiyo nilikuwa naye,” Raija alisema. “Kazi zote alimpa asiyefanya kitu, kwa sababu ndiye mwenye nafasi.”

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kuichomelea difu ile ile kwa ndani, magurudumu yafungamane yawe kitu kimoja. Ndivyo wafanyavyo wengi, maana gharama yake ni vijiti vya kuchomelea tu. Lakini gari lililochomelewa difu linakataa kupinda, na kwa injini ile hafushafti, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, ingekatika kabla ya raundi ya tatu. Pili, kununua ekseli nzima iliyotangazwa na mtu wa Oulu. Tatu, kwenda kwa Ahti.

Wa Oulu alituma picha. Raija aliitazama kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili.

“Kaipigia picha kwenye majani.”

“Sasa?”

“Mbona si sakafuni?”

“Labda hana sakafu.”

“Majani yanakunywa oili,” akasema. “Sakafu inaonyesha.” Wa Oulu akaishia hapo.

Ahti Voutilainen alikuwa na uwanja wa magari mabovu umbali wa kilomita tisa. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya kampuni ya mbolea haikumtoka kichwani hata mezani. Yeye na Raija walisoma darasa moja. Hawakuwa maadui, walijuana muda mrefu mno kuweza kuwa maadui. Alitumiminia kahawa, akaweka mkate wa mdalasini mezani, na kwa nusu saa wakazungumza juu ya daraja, juu ya mvua, juu ya ng'ombe wa mtu mwingine. Neno ekseli halikutajwa. Hatimaye Ahti akanigeukia.

“Umekuja na shahidi.”

“Mpangaji,” Raija akasema.

“Ana leseni?”

“Anasema hana.”

Ahti akanisogezea mkate. “Wapo wanaosema.”

Ekseli ilikuwa nyuma ya banda, juu ya stendi mbili. Ilitoka kwenye gari zito zaidi, pana na nene kuliko ile ya Raija, na ndani yake ilikuwa difu ya kujifunga: yenye sahani ndogo za klachi zinazokamata magurudumu yote mawili moja likitaka kuteleza, lakini zinaachia kidogo kwenye kona ili gari lipinde. Ndicho kitu alichokuwa akikitafuta tangu majira ya baridi ya kwanza. Niliona kwa jinsi alivyojizuia kukitazama.

Akazungusha habu ya kulia, pale gurudumu linapofungwa. Ya kushoto ikafuata, upande ule ule.

“Inafunga,” Ahti akasema.

“Au imechomelewa. Iliyochomelewa nayo inafuata.”

“Raija, wewe.”

“Fungua kifuniko.”

Ahti akafungua kifuniko. Oili ikamwagikia kwenye beseni, nyeusi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Raija akachovya vidole, akasugua, akatafuta chembe za chuma. Akatazama sumaku ya bolti ya kutolea oili: ute laini wa kijivu, basi. Akapiga tochi ndani, akapitisha kidole kwenye jino moja moja. Sahani zilikuwamo. Hakuna mahali palipochomelewa. Kadiri alivyokosa kasoro ndivyo uso wake ulivyokunjamana.

“Mizunguko mingapi?” akauliza.

“Nne nukta moja.”

“Kibandiko ndicho kinasema, au wewe?”

“Kibandiko kilidondoka.”

Hili lilikuwa na uzito wake. Shafti ikizunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, gari linaruka kutoka kwenye kona lakini linaishiwa mbio mapema. Ikizunguka mara chache, linachelewa kuamka. Kwa uwanja mfupi kama wa Petäjäsuo, na injini aliyokuwa nayo, Raija alishapiga hesabu zake: nne na kidogo. Tatu na nusu ingemwacha analala kwenye kona. Nne na nusu ingechimba mashimo tu kwenye kokoto.

Akatoa chaki, akachora mstari kwenye habu na mwingine kwenye kichwa cha shafti. Akaniamuru nihesabu mizunguko ya shafti kimoyomoyo, Ahti naye ahesabu kimoyomoyo, na kila mmoja atazame upande wake. Yeye akazungusha habu mara kumi kamili, polepole, akishika kwa mkono wa kushoto pale wa kulia ulipouma.

“Haya. Mgeni kwanza.”

“Arobaini na moja.”

“Ahti?”

“Arobaini na moja.”

Raija akasimama akijifuta mikono, na kwa uso aliokuwa nao ungedhani tumemwambia thelathini. “Bei?”

“Mia na hamsini.”

Kitu kile kilikuwa cha mia sita, na sisi sote watatu tulijua.

“Kwa nini mia na hamsini?”

“Unapenda mia sita?”

“Napenda kujua kwa nini.”

Ahti akaisogeza kofia yake nyuma. “Kwa sababu Agosti nitalinunua gari lote. Ekseli inarudi nyumbani, na injini inakuja nayo. Nitakuwa nimetoa elfu moja mia mbili na hamsini kwa vyote.”

“Ndivyo?”

“Ndivyo. Usije ukasema sikukuambia.”

Raija akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani. Akasema atafikiri, tukaondoka.

Njiani nikamwambia mtu yule amejisema mwenyewe.

“Ndiyo maana,” akasema. “Mtu anayetaka gari lako hakuambii kwamba analitaka. Anakaa kimya, anakuja dakika ya mwisho na bahasha. Ahti kasema vile ili niogope, niiache, kesho amuuzie mtu wa Iisalmi kwa mia sita.”

“Sasa mia na hamsini ya nini?”

“Ya kwako wewe. Aonekane mwema mbele ya mgeni, akijua sitainunua.”

“Na kama alikuwa anasema kweli?”

“Ahti?” Akabadilisha gia. “Mwaka wa themanini na tisa Ahti aliniambia barabara ya Sonkajärvi imefungwa. Nilizunguka kilomita arobaini. Haikuwa imefungwa.”

“Kwa nini alikudanganya?”

“Bado sijajua.”

Miaka ishirini na kitu ilikuwa imepita.

Keshoye akaenda na mia na hamsini mkononi ili kumwaibisha. Ahti akazipokea, akamsaidia kupakia ekseli, akaongeza na bolti. Raija aliendesha kurudi nyumbani akitazama kioo cha nyuma, kama anayesubiri mtu amkimbilie kumwambia amebadili mawazo.

Wiki mbili tukaifunga, yeye chini ya gari, mimi nikimpa spana. Kisha ikaanza kazi ambayo watu wa huko wanaipa heshima kuliko ufundi wenyewe. Akaipaka ekseli oili chakavu, akaipigia vumbi la mbao na udongo, akaiacha ikauke, akarudia. Akakiunguza kifuniko cha difu kwa moto wa gesi mpaka rangi ikafanya malengelenge, kama inavyokuwa mtu asiyejali akichomelea kwa ndani. Jioni moja akaacha mlango wa banda wazi upande wa barabara, akawasha mashine ya kuchomelea, akamaliza pakiti mbili za vijiti kwenye kipande cha reli kisicho na kazi yoyote. Mwanga wa buluu ulionekana mpaka kwa jirani. Asubuhi yake, dukani kwa Seija, akalalamika jinsi vijiti vilivyopanda bei.

Habari ilizunguka kijiji na kurudi nyumbani kabla ya Jumamosi, ikiletwa na Jorma Pentikäinen, mume wa dada yake, mwanamume mnene mwenye huruma ambaye kwa magari yote mawili yaliyopotea alikuwa mlinzi wa kwanza kuandika jina.

“Shemeji, nasikia umechomelea.”

“Nimechomelea.”

“Na injini ile? Itakata hafushafti.”

“Itakata.”

Jorma akachuchumaa, akachungulia chini ya gari, akaona malengelenge. Akainuka akishika magoti. “Basi walau hakuna atakayelitaka,” akasema, na alikuwa amefurahi kweli kwa ajili yake.

Alipoondoka nikamuuliza Raija kwa nini hakumwambia hata yeye.

“Jorma ni mtu mwema sana,” akasema. “Akijua yeye, Iisalmi nzima inajua kabla ya kahawa ya saa nane.”

Mashindano yalikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, katika shimo la zamani la kuchimba changarawe nyuma ya kijiji. Pango la chumba changu lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nilikuja na begi langu. Basi la Kuopio lingepita barabara kuu jioni. Raija alilivuta gari kwa trela nyuma ya kigari chake cha kazi. Alipolishusha, pale penye lami mbele ya meza ya ukaguzi alilizungusha kwa kona kali kuliko ilivyohitajika, ili matairi yalie kama ya gari lililochomelewa. Watu wawili watatu walitikisa vichwa.

Raundi ya kwanza alijizuia, akawa wa tatu. Ya pili akawa wa nne, na kwenye kona ya chini aliliacha gari liende moja kwa moja pembeni kama linalokataa kupinda. Aliporudi alikuwa na madoa ya tope mpaka kwenye nyusi. Akaniomba maji, akanywa, akatazama mikono yake.

“Wageni wangapi wanatembea na simu?” akauliza.

“Kama sita.”

“Wanapiga picha gari gani?”

“Lile jekundu la watu wa Siilinjärvi.”

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia ya chuma.

Raundi ya tatu hakujizuia. Nilikuwa nimesimama karibu na kona ya chini na nikaona tofauti kwa macho yangu, mimi ambaye Juni sikujua difu ni nini. Magari matano yaliingia pamoja. Manne yalitoka yakiyumba, gurudumu moja likirusha mawe. La Raija liliingia kwa ubavu, likapinda, na katikati ya kona magurudumu yote mawili ya nyuma yakauma kokoto kwa pamoja. Halikuruka, liliondoka tu, kama lori lililoachiwa breki mteremkoni. Mzunguko wa pili alikuwa mbele. Wa tano alikuwa peke yake, hakuna hata vumbi la mtu mbele yake. Watu wa Petäjäsuo hawapigi makofi ovyo, lakini pale penye soseji mtu mmoja alisema, “Kumbe,” na wengine wawili wakarudia.

Alipovuka mstari akaanza mara moja kukanyaga na kuachia mafuta, gari likohoe, lionekane limeumia.

Wanaume wawili wa Kajaani walikuja kulitazama. Mmoja akalala chini na tochi. Raija alisimama hatua nne kutoka pale na kikombe cha kahawa, akitazama misonobari.

“Imechomelewa,” yule wa chini akasema. “Tazama rangi.”

“Mbona lilipinda vile?”

“Bahati. Itakatika kabla Septemba haijaisha.” Akainuka, akajifuta suruali, wakaenda kwa lile jekundu.

Raija alikunywa kahawa yake yote kwa mara moja. Jorma naye alikuwa amesikia. Akatupa kijiti cha soseji pipani, akatazama mawingu upande wa magharibi.

“Shemeji, umekimbia vizuri. Mimi nyasi zangu ziko chini, mvua inakuja.”

“Nenda,” Raija akasema.

Seija wa dukani, mlinzi mwingine, alikuwa ameketi juu ya kiti cha kukunja, viatu amevua, na leseni yake, kama ya Jorma, ilibaki mfukoni. Raija aliwatazama, mmoja akielekea kwenye trekta, mwingine akinyoosha vidole vya miguu juani. Angeweza kuita. Lakini uwanja ulikuwa umejaa masikio, na wa Kajaani walikuwa hawajafika mbali.

Nusu saa inatolewa ya kuandika majina. Ofisi ilikuwa karavani nyeupe, karatasi imebandikwa dirishani, mstari mmoja kwa kila gari. Kwenye lile jekundu majina yalifika kumi na saba. Kwenye namba ya Raija palikuwa peupe. Zikabaki dakika kumi, tano. Alianza kufungua buti ili kutoa kamba za kulifungia gari kwenye trela.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Ahti Voutilainen alikuja akitembea kutoka upande wa magari, bila haraka, kofia ya mbolea kichwani. Akatoa leseni. Akatoa bahasha. Akaandika jina lake, akaziba kalamu, akasubiri kando mpaka kengele ilipogongwa.

Jina moja. Hakukuwa na kura ya kupiga.

Raija alisimama na kamba mkononi. Alimtazama mwanamke aliyekuwa ofisini, kisha dirisha, kana kwamba huenda kuna karatasi nyingine nyuma ya ile.

“Nilikuambia,” Ahti akasema.

“Uliniambia.”

“Shahidi alikuwepo.”

Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama karatasi ya dirishani.

“Ningekataa,” Raija akasema taratibu, “wangechukua leseni tu. Na mwezi wa kumi siihitaji.”

“Unaweza,” Ahti akasema. “Mbele ya watu wote hawa. Unaweza.”

Upepo ulipeperusha kona ya karatasi. Watu wa soseji walikuwa wameacha kutafuna. Raija aliwatazama mmoja mmoja, wale ambao majira matatu ya baridi aliwaficha hata bolti, akaiviringa kamba kwenye kiwiko, akaenda kwenye gari.

Kiti na mikanda ni vya muuzaji, ndivyo kanuni inavyosema. Alifungua bolti tatu. Ya nne ilimshinda kwa mkono ule wa bendeji, nikaingia upande wa pili nikaifungua mimi. Alikibeba kiti mwenyewe, amekikumbatia kifuani, akakitia kwenye kigari. Kisha akarudi na ufunguo, umefungwa kwenye uzi wa buluu wa kufungia majani ya ng'ombe, akauweka juu ya boneti badala ya kumpa Ahti mkononi.

“Utaliendesha?” akauliza.

“Septemba. Uwanja wa Leppäkangas.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

“Kila gari linauzwa,” Raija akasema.

“Hata hili.”

“Hm.”

Akapanda kwenye kigari, akawasha. Akashusha kioo, akaegemeza kiwiko, akafikiri.

“Uitazame ile difu, Ahti. Kabla hujaikimbiza.”

“Niitazame nini?”

“Aa, hapana.” Akaitia gia. “Labda ni nzima tu.”

Akaniinulia vidole viwili juu ya usukani, kama wafanyavyo madereva wa maziwa wakipishana, akaondoka. Trela tupu ilirukaruka nyuma yake juu ya mawe ikigonga minyororo, na ule mlio tuliusikia muda mrefu baada ya kigari kupotea kwenye misonobari.

Basi langu lilikuwa bado saa nzima. Ahti alisimama akitazama barabara. Kisha akatazama gari. Akapiga goti, halafu la pili, akalala chali kwenye kokoto na kofia yake, akajivuta mpaka chini ya ekseli. Nilimsikia akikwangua malengelenge kwa ukucha.

“Mwandishi,” akasema kutoka kule chini. “Mwanga ule wa buluu, mwezi wa saba. Alikuwa anachomelea nini?”

“Sikuwa bandani muda wote,” nikasema.

“Lakini ulikuwa bandani.”

“Kiasi.”

Akatoka, akaenda kuleta jeki. Akaliinua gari nyuma mpaka magurudumu yote mawili yakawa hewani. Akalishika la kulia kwa mikono miwili, akalizungusha polepole, akiinamisha kichwa kusikiliza. La kushoto likafuata, upande ule ule, kama linavyofuata kwa difu nzuri ya kujifunga, na kama linavyofuata kwa iliyochomelewa.

“Hawezi,” Ahti akasema. “Kitu cha mia sita. Mtu hawezi kukichomelea kitu kama kile.”

Nikaweka begi langu begani. Akanitazama, jicho moja amelifumba kidogo.

“Na wewe kweli huna leseni?”

“Sina.”

Akageuka, akalizungusha tena.